Milango Miwili ya Marehemu Sufiani

Fundi Gerson alikuwa ameulaza ubao wa mchezo kifudifudi juu ya mkeka wa sebuleni, ameufungua tumbo. Kisha akauliza, macho yamo mle mle ndani, "Bi Mwanatumu, marehemu alikuwa akicheza na nani mwingine?"

Mwanatumu alikuwa akimmiminia kahawa. Birika likasimama hewani.

"Mwingine nani? Alikuwa akicheza na mimi."

"Na wewe najua. Mlango wako huu hapa, mpana, vidole vyako vimejaa tele. Nauliza huu wa pili."

"Wa pili?"

"Iko milango miwili, mama. Huu mwingine una jina. Siwema."

Madirisha ya nyumba ile ya Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, yalikuwa wazi yote. Mwanatumu akaweka birika chini, akaenda kuyafunga moja moja, kama mtu aliyesikia mvua. Mvua haikuwapo. Aliyekuwapo ni jirani yake Zuhura, nyuma ya ukuta, anaanika kanga ile ile kwa mara ya tatu.

Ubao wenyewe, ukiugeuza uso juu, ulikuwa ni mji huu huu wa Tanga kama ulivyokuwa miaka mia mbili nyuma, Waingereza walipokuja na meli kuunyang'anya mikononi mwa Wajerumani. Wanacheza watu wawili. Mmoja ni Bahari: ana meli zimejaa askari waliotolewa Bara Hindi. Wa pili ni Reli: ana askari wachache mjini, na wengine wako njiani wanaletwa na treni kutoka Moshi, behewa moja moja. Reli akipoteza stesheni, au akiishiwa watu, amekwisha. Bahari akirudishwa majini, amekwisha. Na kwa kuwa katika vita vyenyewe nahodha wa manowari alitangulia kuja kutoa taarifa kabla watu wake hawajashuka, wazee wa Tanga waliotunga mchezo waliitia taarifa ile ndani ya kanuni kwa lugha ya nyumbani. Bahari hashuki ufukoni bila kupiga hodi. Reli akisema karibu, Bahari anashuka. Reli akinyamaza, Bahari anabisha tena, mpaka mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, meli inageuza na kwenda kushusha watu penye miamba, na huko wanashuka wakipigwa.

Sufiani alicheza Bahari siku zote. Alikuwa dereva wa treni ya Moshi, na alikuwa akisema, "Kazini nimo relini. Nyumbani niache niende baharini." Alipofariki, ubao ulibaki na mkono wake. Mwanatumu alipomaliza eda alikaa mbele yake, akagusa kete za Reli, na zile kete za Bahari zikateleza zenyewe kama zilivyokuwa zikitelezeshwa na mumewe, na sauti yake ikasema hodi. Neno lile na mengine machache ya mchezo, basi. Ubao hauongei habari nyingine.

Alikwenda kumuuliza imamu. Imamu akamwambia: si yeye. Ni kama mwandiko wa mtu uliobaki ukutani. Usiusalimie, usiuombe kitu, usiuapie. Ukitaka kucheza, cheza. Mwanatumu akayashika yote. Hakuusalimia hata siku moja. Ila kabla ya kukaa mbele yake alikuwa akibadili kanga.

"Nieleze vizuri," alisema sasa, madirisha yamefungwa na joto limewajaa. "Mlango ni nini?"

Gerson alivua kioo cha jichoni. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuongea na wafiwa. "Ubao haujui mawazo ya mtu, mama. Unajua kusita kwake. Kidole kinakaa juu ya kete kwa kiasi gani, kinarudi mara ngapi, kinatoka jasho wapi. Huo ndio mkono. Na hakuna mtu anayesita namna moja mbele ya watu wawili. Anavyosita mbele yako ni mlango wako. Anavyosita mbele ya mwingine ni mlango wa mwingine."

"Na huo wa pili anasitaje?"

"Hasiti."

Aliposema hivyo alijuta, maana Mwanatumu alishika ukingo wa meza. Gerson akaharakisha habari aliyokuja nayo. Ute wa ndani ya ubao, ule unaoshika mkono wa mtu, ulikuwa umeanza kukauka. Kabla ya mvua za vuli utakuwa chumvi tupu. Mkono unaweza kuhamishwa katika ubao mpya, kazi hiyo anaifanya kila wiki. Lakini wenye mlango mmoja ndio wanaohama wazima. Milango miwili imeota kwenye mzizi mmoja. Ukiuvuta huu, ule unachanika.

"Ukiivuta yote pamoja?"

"Nimewahi. Inapatikana kete inayosita kila mahali. Mtu mwoga. Watoto wa yule mzee walinirudishia, wakasema huyu siye baba yetu."

"Basi hamisha wangu."

"Ndiyo, mrithi ni wewe. Ila katika kazi yetu mwenye mlango huambiwa kabla haujafungwa. Hana la kukataa. Anaambiwa tu."

Mwanatumu alikaa akiutazama ubao ule uliopasuliwa tumbo.

"Mwambie aje," alisema. "Aje acheze hapa, mbele yangu, nimwone."

*

Gerson hajafika mwisho wa mtaa, Zuhura alishaingia.

"Shoga, kulikoni? Jua hili na madirisha umefunga."

"Vumbi."

"Vumbi la Siwema?" Zuhura akakaa, akajimiminia kahawa ya fundi. "Usinitazame hivyo, ukuta wenu mwembamba. Siwema yupi? Siyo yule mkaguzi wa tiketi wa treni ya Moshi? Mrefu, ana mwanya?"

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Alinishusha Korogwe mie, na tiketi ninayo mkononi!"

"Tiketi ya nani?"

"Ya mwanangu. Lakini si tiketi?" Akanywa. "Treni ya Moshi inalala huko huko. Dereva analala, mkaguzi analala. Hapo pana ndoa, shoga, nakwambia. Wangapi wameletewa mke mwenza siku ya msiba?"

"Msibani hakuja."

"Wenye akili hawaji."

Mwanatumu alimwacha aseme. Alikuwa mtu wa kutazama zaidi ya kusema, na alichokuwa akikitazama muda ule ni moyo wake mwenyewe, anashangaa. Kama ingekuwa ndoa, angejua pa kuiweka. Mke mwenza ana fungu lake katika sheria, ana zamu yake, ana haki ambayo unaweza kuichukia huku ukiiheshimu. Angelia, angenuna, mwisho angempikia futari. Lakini mchezo? Alikumbuka Sufiani akitoka asubuhi na mfuko wake wa safari, na ubao umefungwa ndani ya shuka. "Nautembeza upate hewa," alikuwa akisema, na yeye akicheka. Mtu mzima anatembeza ubao. Alikuwa akidhani huko Moshi anacheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto, akimkumbuka mkewe.

"Hasiti," alisema kwa sauti.

"Nani hasiti?"

"Nenda kaanue kanga zako, Zuhura. Zimekauka tangu asubuhi."

*

Siwema alikuja baada ya alasiri. Mwanatumu alikuwa amejiandaa kwa mwanamke wa namna fulani, na aliyebisha hodi hakuwa huyo. Alikuwa amevuka hamsini. Miguu ilimvimba kwa kusimama, na viatu vya kazi alivivua mlangoni kwa taabu, ameshika fremu.

"Pole na msiba, dada. Najua nimechelewa kuisema."

"Ungekuja siku zile."

"Niliogopa mtaa."

"Mtaa ungekufanya nini?"

"Ungehesabu vidole, dada. Ungekuta kimoja kimezidi." Alicheka kidogo kwa ule mwanya, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Mwanatumu alimwonyesha ubao. Mwenyewe alikaa pembeni na sinia la mchele, kana kwamba ana kazi. Siwema hakukunja miguu kwa adabu kama watu wanavyokaa katika nyumba ya watu. Alikaa upande mmoja, kiwiko juu ya goti, kidevu mkononi, akaweka kidole kwenye kete ya Reli. Papo hapo kete za Bahari ziliamka. Mwanatumu aliona. Kwake yeye huwa zinangoja kidogo, kama mtu anayetengeneza kola.

"Hodi," ilisema sauti ya Sufiani.

Mdomo wa Mwanatumu ulifunguka wenyewe. Aliufunga kwa meno.

Siwema alinyamaza. Alikuwa akitabasamu, anamsogeza mlinzi mmoja nyuma ya reli.

"Hodi."

Kimya. Punje za mchele zilikuwa zikimteleza Mwanatumu kati ya vidole, chafu na safi pamoja.

"Hodi." Ya tatu ilitoka fupi, kama ya mtu anayejua kwamba wenyewe wamo ndani na wanamchungulia. Meli ikageuza ghafla, ikazunguka rasi ya Raskazone, ikashusha watu penye miamba.

"Umeanza!" alisema Siwema. "Njoo basi, mwizi we! Njoo uone!"

Mwanatumu hakuwa amewahi kuona mchezo ule ukichezwa hivyo. Kete za mumewe zilipanda miamba huku zikianguka, zikaacha maiti nyuma, zikapita bondeni pale reli ilipochimbiwa. Zilijifanya zinakimbia, Siwema akazifuata, zikageuka. Palikuwa na kigae kimoja cha nyuki, kwa sababu siku ya vita vyenyewe nyuki walitoka mizingani wakawauma wa huku na wa huku. Kigae kile kinafunuliwa mara moja tu, na kinaua pande zote. Mwanatumu alimwuliza mumewe zamani kwa nini hakifunui, naye akajibu, "Nyuki wanachafua mchezo." Sasa kile kigae kilipinduka bila kidole kukawia, na nusu ya watu wa Bahari wakafa pamoja na wote wa Siwema waliokuwa bondeni. Waliobaki wakamrudisha Siwema hatua kwa hatua mpaka treni yake ya mwisho ikakosa pa kushusha watu.

Siwema alipiga mkeka kwa kiganja. "Umeniua! Mshenzi wewe, umeniua tena!"

"Usimtukane mume wangu."

"Nisamehe, dada. Tulizoea."

Lile tulizoea lilimwingia Mwanatumu kama pilipili jichoni. Alisogeza sinia. "Anakushinda siku zote?"

"Leo kanishinda. Zamani ilikuwa mara yeye, mara mimi. Na wewe?"

"Mimi hajawahi kunishinda hata siku moja."

Alisema kwa kujivuna, kama alivyokuwa akisema kwenye maharusi na kwenye foleni ya maji, na watu wakimpa Sufiani pole. Siwema hakumpa mtu pole. Aliinamisha macho kwenye kete.

"Hata siku moja?" aliuliza taratibu.

Hapo ndipo Mwanatumu aliposikia maneno yake mwenyewe jinsi yanavyosikika. Damu ikampanda masikioni. Mwanamke huyu mwenye miguu ya kuvimba alipigwa, alitukanwa, alitegwa, alifunuliwa nyuki. Yeye aliachiwa. Miaka thelathini na zaidi alikuwa akiachiwa kama mtoto anayeshindana mbio na baba yake, na jioni akiringa.

"Alikuwa akinidharau," alisema.

"Hapana. Ngoja. Akipiga hodi, ulikuwa ukimjibu?"

"Mtu anabisha mlangoni unakaa kimya? Wewe umelelewa wapi?"

Siwema alicheka mpaka akashika ubavu, kisha macho yakamlowa. "Dada, lile ni vita! Ukisema karibu anashuka ufuko mzima hajapigwa hata jiwe, na njia ya stesheni iko wazi. Anakumaliza kabla treni ya pili haijapiga honi. Ndiyo maana." Akajifuta. "Alinieleza siku moja, tuko Moshi, mvua inanyesha. Akasema: mke wangu hanifungii mlango hata vitani. Nikikaribishwa, nitapigana vipi? Nazungusha zungusha askari wangu mjini, wanatazama maduka, mpaka treni zake zifike."

Mwanatumu alitaka kufurahi. Neno lilikuwa zuri, lilikuwa lake, lilimhusu yeye. Lakini lilikuwa limekaa kifuani mwa mwanamke mwingine miaka yote hiyo, likinyeshewa mvua ya Moshi. Kwa nini halikusemwa hapa, kwenye mkeka huu?

"Na mengine alikueleza?"

"Mengi tulinyamaza. Tulikuwa tukicheza."

"Fundi atafunga mlango mmoja," alisema Mwanatumu. "Ameshakwambia."

"Kaniambia. Mimi sina haki, dada. Sikuwa mkewe, na Mungu ndiye shahidi, hakunigusa, ila kete zake ziligusa zangu. Funga wangu, sitakuja hapa kupiga kelele." Alianza kuinuka, akashindwa, akakaa tena. "Ila nikwambie ukweli uliomo moyoni. Ukiufunga huu, yule Sufiani mwerevu, mwizi, anayecheka akifa, hatakuwapo tena popote. Atabaki mume tu."

"Na mume si mtu?"

Siwema aliinuka kwa kushika ukuta. Mwanatumu alimsaidia kuvaa viatu, kwa kuwa mgeni ni mgeni, huku akitamani kuvitupa barabarani.

*

Asubuhi, baada ya kuswali dhuha, alibadili kanga akakaa mbele ya ubao. Alitaka kumwona yule mwizi. Kama njia ya kumwona ni kunyamaza, basi atanyamaza. Aliyenyamaza kwa Zuhura miaka yote hashindwi na ubao. Aligusa kete ya Reli. Kete za Bahari zikangoja kidogo, zikaamka.

"Hodi."

Aliuma mdomo. Ilimuuma kweli, kama kumnyima mtu maji. Alitazama meli iliyosimama mbele ya ufuko.

"Hodi," ilisema sauti, polepole zaidi, na mwisho wake umepanda, kama mtu anayeuliza mna salama humo.

Akanyamaza.

Alingoja ya tatu. Haikuja. Meli ilikaa palepale mpaka akadhani ute umekauka. Kisha ikageuza. Haikwenda Raskazone, haikwenda penye miamba. Ilirudi ilikotoka, na zile nyingine zikaifuata moja moja, zikavuka ukingo wa bahari iliyochorwa, zikasimama nje ya mchezo. Kete ya nahodha ikajilaza ubavu. Hivyo ndivyo mchezaji anavyokubali kushindwa.

"Karibu," alisema Mwanatumu. "Karibu. Karibu!"

Kete hazikuamka. Mchezo ulikuwa umekwisha.

Alikaa pale na mkono wake juu ya stesheni ambayo hakuna aliyeitaka. Sufiani hakuwa amefundishwa na mtu nini cha kufanya mkewe akimnyamazia. Alipofungiwa nyumbani kwake hakuvunja, hakuzunguka uani. Aliondoka.

Basi huyu naye hakuwa mtu wa kudharau. Na huyu ndiye atakayebaki, kama alivyokwisha kusema kwa fundi, na yule mwingine atachanika. Mwanatumu aliigeuza habari ile huku na huku, kama mtu anayekagua nguo za mitumba. Akimhifadhi huyu, atashinda kila jioni mpaka siku yake ya kufa, na atajua kila jioni kwamba anashindishwa. Na Siwema? Siwema atakwenda zake na yule mwizi kichwani, atakuwa ndiye mtu pekee duniani anayemkumbuka, na hakuna fundi atakayemtoa humo. Mali ya Siwema itakuwa salama kuliko yake.

Akimhifadhi yule, atakuwa amekifuta kitu pekee kilichokijua kidole chake. Kwa mkono wake mwenyewe. Imamu alisema si yeye, na Mwanatumu aliamini. Lakini kama si yeye, huu wivu wa nini? Mtu anaona wivu juu ya mwandiko wa ukutani?

Alikwenda kutia udhu, akaswali rakaa mbili, akaomba aondolewe wivu ili aamue kwa haki. Alikaa kwenye mswala mpaka jua likafika miguuni. Wivu haukuondoka. Ulikuwa umekaa naye pale, mzima wa afya. Akaona basi, itabidi aamue nao ukiwapo.

*

Alhamisi Gerson alikuja na ubao mpya, mweusi, unanuka gundi. Siwema alikuja nyuma yake, maana Mwanatumu alimwita, na Zuhura alikuja bila kuitwa, akasema anarudisha ungo.

"Tunahamisha wako, mama," alisema Gerson, akifungua vifaa.

"Hamisha wa Siwema."

Ungo ulianguka. Gerson alimtazama juu ya kioo chake. "Bi Mwanatumu, mlango wako ukichanika haurudi. Hautakujua tena. Utakuwa mgeni kwake kama mimi."

"Nimesikia tangu siku ile."

"Dada," alisema Siwema, na sauti haikutoka sawasawa, "kwa nini unanifanyia hivi?"

"Usinishukuru, sikufanyii wewe. Yule wa kwangu nilikuwa naye. Alilala humu, alikula humu, alikohoa humu. Niliyenyimwa ni huyu wako, namtaka." Akamgeukia Gerson, Siwema asije akaona macho yake. "Na ubao hautoki nyumba hii. Anayetaka kucheza atakuja, atabisha, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo natazama."

"Eh, shoga!" alisema Zuhura. "Umemwoa wewe sasa."

"Okota ungo wangu."

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Gerson alichomeka uzi wa kioo kwenye mzizi, akavuta. Mwanatumu alikuwa ameweka kiganja juu ya ubao wa zamani, kwa kuwa alisikia ni lazima kuwe na kitu, joto, mtetemo, sauti. Hakukuwa na kitu. Ute uligeuka rangi kama chai iliyotiwa maziwa, basi. Hakuaga, kwa sababu alikatazwa kuusemesha. Alikiondoa kiganja, akakifuta kwenye kanga, akakitazama.

"Naanza mimi," alisema.

Hakuna aliyebisha. Alikaa upande wa Reli, Siwema nyuma ya bega lake. Aligusa kete.

"Nani?" ilisema sauti ya Sufiani.

Alikuwa amesahau kwamba mbao mpya huuliza jina la mchezaji. Miaka yote ile ya ndoa mtu yule hakuwahi kumwuliza swali hilo, hata usiku, hata gizani. Angeweza kusema Siwema. Kidole kingemsaliti, lakini si mara moja. Mwanatumu hakuwa mtu wa kusema uongo, hata kwa kitu ambacho si mtu.

"Mwanatumu."

Haikungoja hata kidogo juu ya jina lile. Lilipita kama jina la kituo ambacho treni haisimami. Meli zikaja ufukoni.

"Hodi."

Alimsikia Siwema nyuma yake akivuta pumzi, akijizuia asimwambie nyamaza. Hakukuwa na haja ya kumwambia. Safari hii Mwanatumu alijua bei ya neno lile, na alijua ni nani aliyesimama pale nje: mtu asiyemjua, mwenye njaa, ambaye hatatazama maduka.

"Karibu," alisema.

Walishuka wote. Hawakupanga mstari, hawakungoja wenzao. Walipita ufukoni, wakapita sokoni, mlinzi wa kwanza akaanguka, wa pili akaanguka. Mwanatumu alitupa behewa lake la kwanza mbele yao na kigae cha nyuki kikapinduka, nyuki wakala behewa zima pamoja na nusu ya waliokuja. Aliweka wa mwisho mlangoni mwa stesheni, mtu mmoja, na mkono wa mumewe ukamwondoa kama unavyoondoa nywele kwenye sahani. Treni ya pili ilikuwa bado iko milimani. Kete ya nahodha ilipanda ngazi ya stesheni, ikasimama juu yake wima.

Mwanatumu aligundua kwamba amekuwa akipumua kwa mdomo. Kifua kilimdunda kama cha msichana. Ameshindwa. Hakuachiwa hata ukuta mmoja.

"Kachukua stesheni," alisema Siwema.

"Nimeona."

"Si ndiyo, nasema stesheni, dada. Yenyewe." Siwema alikuwa ameinama sana, uso wake karibu na ubao. "Mimi alinishinda pwani. Alinishinda bondeni, au treni zikiniishia. Stesheni hajawahi kuikanyaga. Hata mara moja. Miaka yote ile."

"Wewe hukumkaribisha."

Siwema aliitazama ile kete iliyosimama juu ya stesheni, kisha akamtazama Mwanatumu, haraka, kwa pembeni, kisha tena kete. Mdomo ulimkaza upande mmoja. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye kete za Reli bila kuombwa.

Mwanatumu aliujua uso ule. Alikuwa ameuona kwenye kioo cha bafuni kila asubuhi ya juma lile.

"Toa mkono," alimwambia, huku akirudisha treni zake Moshi, behewa moja moja, taratibu. "Mimi na yeye bado hatujamaliza."